Mkate wa Mzazi

Gorna Mahala, 22 Januari 1974

Mwanangu Zdravka,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa siku hizi nyumba nzima ni mimi na paka. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua kidogo nikiinua magunia, lakini hilo ni la miaka yote. Theluji imefika kwenye madirisha ya bibi Vela, jirani yetu, na asubuhi nimemchimbia njia mpaka kisimani. Badala ya kushukuru alisema nimeipinda.

Tanuri la ushirika linafanya kazi. Wamenipa msaidizi, Ivancho, kijana mwenye moyo mzuri na akili ya kondoo. Nimemfundisha kuchungulia moto kwa jicho moja, kama ninavyofanya mimi, ili jicho la pili lisipofushwe na mwanga. Yeye anafumba yote mawili, kisha ananiambia moto uko sawa.

Jana ilikuwa siku ya wakunga. Wanawake walijifungia kwa bibi Vela, wakala, wakanywa, wakaimba nyimbo ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia. Mwaka jana, unakumbuka, mama yako ndiye aliyeongoza ngoma, nao walinivizia mlangoni pa duka la mikate wakaninyang'anya kofia, nikaikomboa kwa divai. Mwaka huu walinipita. Hakuna aliyeigusa kofia yangu. Ningefurahi kama wangeichukua.

Kuhusu lile uliloandika, la mazishi ya mama yako, tuliache. Mumeo Lyuben alipiga simu posta akasema hutakuja kwa sababu ya mimba. Wazee walisema amefanya vizuri. Basi.

Umeuliza nani atakaa nawe ukishajifungua. Najua Lyuben amelelewa kituo cha yatima, hana mama wa kumwita. Najua pia kwamba mama yako alikuwa ameshapanga kila kitu, hata soksi za safari alikuwa amefuma. Tutaangalia. Wewe kwa sasa usiinue ndoo, usipande kwenye kiti kufuta madirisha. Madirisha machafu hayajamuua mtu.

Akubusuye,
Baba yako Dobri


Dimitrovgrad, 4 Machi 1974

Baba mpenzi, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa na njia ya bibi Vela umeinyoosha. Sisi hatujambo. Lyuben anakusalimu sana. Yuko kiwandani, mwezi huu zamu zake zimepangwa ovyo, anarudi ananuka mbolea na kulala na viatu.

Tumepata mtoto wa kike, tarehe ishirini na mbili Februari, asubuhi. Kilo tatu na kidogo. Wanaume hawaruhusiwi kuingia wodini, kwa hiyo Lyuben alisimama chini kwenye matope akapunga kofia kwa nguvu zake zote. Alikuwa anapungia dirisha lisilo langu. Mwanamke wa chumba cha pili akampungia kwa heshima, wodi nzima ikacheka mpaka mishono ikauma.

Tumemwita Rusana, jina la mama. Nilidhani utapenda.

Kuna jambo moja nataka kukuambia, halafu usilifikirie sana. Pale wodini wanawake huteremsha kamba dirishani, na watu wao huko chini hufunga vifurushi. Karibu kila mmoja alivuta mkate wa mzazi. Unaujua, ule usio na hamira, unaokandwa haraka mara habari zikifika, unapakwa asali. Wengine uliletwa na mama zao, wengine na wakwe. Walikuwa wanaumega pale pale kitandani na kula wote, wanawake watupu, mpaka makombo, maana mkate ule haubaki. Mimi walinipa kipande kila mara. Mmoja akaniuliza, "Wako unakuja lini?" Nikamwambia kesho.

Sasa tuko nyumbani, ghorofa ya nne. Ngazi ina milango mingi na simjui mtu, wote ni wageni kama sisi, wametoka vijiji vyote vya nchi hii. Mchana kutwa niko na mtoto.

Utakuja lini, Baba? Si lazima ukae. Hata siku moja.

Zdravka wako


Gorna Mahala, 10 Machi 1974

Mwanangu,

Barua yako niliisomea dukani, mikono ikiwa na unga. Nilifunga mlango wa tanuri, nikatoa chupa ya rakia, ile pombe kali niliyoificha nyuma ya magunia, nikawamiminia wanaume wote waliokuwa kwenye foleni. Ivancho alilia, sijui kwa nini, hata hakujui. Mkate wa siku hiyo uliungua chini na hakuna aliyethubutu kulalamika. Hongera, mwanangu. Hongera kwa Lyuben pia, na mwambie ajifunze kuhesabu madirisha.

Nilikwenda kwa bibi Vela. Nilikaa jikoni kwake kama mtoto wa shule, akaniambia mambo ambayo mwanamume wa umri wangu hakupaswa kuyasikia. Nakuandikia kama alivyosema, na wewe ukimaliza kusoma ichome barua.

Kula vya moto. Supu ya kuku, si kifua tu, chemsha na miguu. Maini kama Lyuben atayapata, yanarudisha damu. Kunywa, kunywa, kunywa: chai ya maua niliyokutumia, maziwa, maji. Mtoto akilala nawe ulale, hata kama sufuria hazijaoshwa. Usifue. Lyuben afue, ana mikono miwili na sabuni haiumi. Vitambaa vya mtoto vianuliwe kabla jua halijazama. Titi likivimba na kuwa gumu upande mmoja, weka kitambaa cha moto na umnyonyeshe mtoto kutoka hapo hapo, hata ukiuma meno. Ukipata homa, siku hiyo hiyo nenda kwa daktari, usisubiri kesho. Na damu, hapa masikio yangu yanawaka, ikipungua kisha ikarudi nyekundu na nyingi, siku hiyo hiyo pia. Mwisho alisema, na alirudia mara mbili, mzazi asiachwe peke yake kabla ya arobaini. Si kwa ajili ya kazi za nyumba. Asiachwe tu.

Kuhusu kuja, kwa sasa haitawezekana. Tanuri haliwezi kuachwa kwa Ivancho, umesikia habari za macho yake. Baadaye tutaona.

Nimetuma kifurushi kwa dereva wa basi: chupa ya asali, chai ya maua, jozi, mtungo wa soseji, na ile shuka nene aliyoifuma mama yako. Kuna pia uzi mwekundu na mweupe wa Machi, wa kumfunga mtoto mkononi apate afya. Umechelewa, lakini mwezi bado upo. Ameusokota bibi Vela, si mimi.

Niambie mtoto anafananaje. Ana pua ya nani? Macho je?

Baba yako


Dimitrovgrad, 20 Machi 1974

Baba, shikamoo.

Asante kwa kifurushi. Kilifika zamani, samahani sikuandika. Hatujambo. Lyuben hajambo, amewekwa zamu za usiku. Asali ni nzuri.

Shuka ya mama nimeiweka juu ya kabati.

Muuguzi wa watoto wachanga alipita, akampima mtoto, akauliza mimi naendeleaje. Nikamwambia vizuri. Ana wazazi wengi wa kuwapitia. Maziwa yamepungua, kwa hiyo tunachukua ya jiko la watoto la mji, Lyuben anapita na chupa akitoka kazini. Vitambaa nafua mwenyewe. Yeye anataka kufua, ila akifua silali, na asipofua silali, basi afadhali nifue.

Uzi wa Machi nimemfunga. Nimeona kwamba hukuusokota wewe. Nimeona pia kwamba katika barua nzima jina lake hukulitaja hata mara moja.

Sababu ya kutokuja kwako naijua, Baba. Huna haja ya kumsingizia Ivancho. Sikulaumu.

Zdravka


Gorna Mahala, 25 Machi 1974

Mwanangu Zdravka,

Salamu nyingi. Theluji imeondoka, matope yamekuja. Paka amezaa ndani ya kikapu cha unga, nimehamisha unga nikamwachia kikapu.

Barua yako ilikuwa fupi lakini imenitua mzigo. Nilikuwa nimekaa na sababu ile moyoni kama mwiba, sitaki kuitaja kwako, hasa wewe ukiwa katika hali hiyo. Kama umeielewa mwenyewe na hunilaumu, basi mama yako alikulea vizuri. Mtu mwingine angeniona mkatili. Ni jambo la kuvumilia, litapita kwa wakati wake. Baada ya Pasaka tutaongea.

Lakini hilo la kulala silipendi. Nilimsomea bibi Vela mstari ule, akaweka sindano chini. Aliuliza kama unamshika mtoto. Nikamwambia mwanamke huyu vipi, mama asimshike mtoto wake? Sindano hakuishika tena jioni ile.

Hujanijibu mtoto anafananaje.

Baba yako


Dimitrovgrad, 28 Machi 1974

Baba,

Kumbe ni kweli.

Nilikuwa nimeandika kwamba naijua sababu nikitumaini utaniandikia, "Sababu gani, we mtoto, umechanganyikiwa?" Badala yake unanishukuru. Unasema ni mwiba, unasema litapita. Basi na tulitaje, maana mimi nimechoka kulizunguka.

Sikuja kumzika mama yangu. Nilikaa hapa mezani siku hiyo, tumbo likiwa mbele yangu, saa ambazo ninyi mlikuwa makaburini, na nikala supu. Watu walisema mwenye mimba haendi msibani, na Lyuben akasema, na nikakubali haraka mno, kwa sababu niliogopa kumwona akiwa amelala vile. Hiyo ndiyo kweli. Hukuniambia neno. "Tuliache. Basi." Na sasa unanilipa: mimi sikuja kwa mama, wewe hutakuja kwangu. Nimempa mtoto jina lake, nawe unamwita "mtoto" kama wa jirani. Hata uzi wa kumfunga umeshindwa kuusokota kwa mkono wako.

Sawa. Naipokea. Lakini nakuomba umwambie bibi Vela jibu la swali lake, maana hapa hakuna wa kumwambia.

Simshiki. Namlisha, namwosha, nambadilisha, kila kitu kwa saa yake, kama Lyuben anavyoangalia mashine. Kisha namweka chini. Akilia sana natoka nakaa kwenye ngazi, nafunga mlango nyuma yangu, nasubiri anyamaze. Mwanamke wa ghorofa ya tatu hupita na mfuko wake, ananitazama, nami najifanya nafunga kamba za viatu. Jumatatu Lyuben alikuwa amelala baada ya zamu. Nilivaa koti nikatoka. Sikumwambia mtu. Nilitembea mpaka darajani, nikasimama nikayatazama maji ya mto Maritsa, na kitu kilichonitisha ni kwamba sikuogopa. Niliwaza tu kwamba pale chini pametulia. Kilichonirudisha ni mzee mmoja aliyeniuliza kama basi la kiwanda limepita.

Umeuliza anafananaje. Sijui, Baba.

Z.


Gorna Mahala, 31 Machi 1974

Zdravka wangu,

Barua hii siipeleki posta. Nakuja nayo mkononi. Nimekujua tangu hujafungua macho na ninajijua mimi pia: nikifika mlangoni nitazungumzia mgongo, au hali ya reli. Kwa hiyo nikikosa maneno, nitakupa hii, usome, nami nitasubiri pale pale kwenye ngazi yako.

Sikukasirika. Hata siku moja. Wewe unasema nakulipa, mimi nilidhani nakukinga.

Mimi ni mtu wa msiba, mwanangu. Ndevu zangu sijanyoa tangu Novemba. Mtu anayetoka nyumba ya kifo haingii kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, hamtazami mtoto mchanga, hampi kitu alichosokota kwa mkono wake. Wewe umekulia kijiji hiki, nikadhani unajua. Nilipoona umeandika "sababu naijua" nikasema, haya, anajua, ameelewa, ashukuriwe Mungu sikulazimika kumtajia kifo mwanamke aliyejifungua juzi, maana hilo nalo halifanywi. Nilijiona mwerevu. Huyo ndiye baba yako. Nilikuwa nakulinda na kifo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nakusukuma kwenye daraja.

Jina la mtoto sikuliandika kwa sababu kila nikianza kuliandika nilikuwa naona naandika barua kwa mama yako. Hilo ni la kwangu, halikuhusu wewe wala yeye.

Kuhusu mazishi: nawe uliogopa. Mimi pia niliogopa. Nilikuwa nimesimama pale kwa sababu miguu ilikuwa haijui pengine pa kwenda. Kama ulikula supu siku hiyo, nimefurahi. Mtoto alikuwa na njaa.

Jana barua yako ilipofika nilikwenda nayo kwa bibi Vela nikamsomea yote, nisamehe. Nilimwambia, naenda kesho. Akasema, zimebaki siku tatu arobaini itimie, subiri siku tatu, Dobri, usilete balaa. Nikamwambia balaa limeshaingia, halikusubiri arobaini. Akanitazama sana. Kisha akasema, "Basi huendi mikono mitupu. Hajapata mkate wake."

Unajua mimi ni nani katika kijiji hiki. Nimekanda mkate wa harusi zote, wa Krismasi, wa majeshi yaliyopita, wa maziko, hata wa mama yako nilikanda mwenyewe. Mkate mmoja tu sijawahi kuugusa. Siku uliyozaliwa nilirudi nyumbani, wanawake walikuwa wanaukanda jikoni kwangu kwa unga wangu, na bibi yako akanifukuza na mwiko. Nilikuwa mwokaji kwa miaka kumi tayari. Nilisimama uani nikasikia wanacheka.

Nilimwambia Vela akande yeye, mimi nitabeba tu. Akanionyesha mikono yake. Vidole vimepinda, havishiki hata kijiko vizuri. Akasema wengine watauliza maswali, na habari za binti yako si za kijiji. Kwa hiyo tukafunga mlango na kuteremsha mapazia, kama wezi. Yeye alikaa kwenye kiti na kuniambia, mimi nikakanda. Kwanza alinilazimisha ninyoe. Alisema mkate huu haukandwi na ndevu za msiba, na kama tunavunja mambo basi tuyavunje kwa usafi. Aliketi akinitazama nikinyoa, akisema huku umeacha, na huku umeacha.

Nilitaka kuutia hamira, mikono ina mazoea yake. Akanipiga kibao cha mkono. Mkate huu hauna muda wa kusubiri kuumuka, Dobri, alisema, mwanamke amelala anangoja.

Sasa uko hapa mezani umefungwa kwa kitambaa cha mama yako. Umepasuka upande mmoja. Ni mkate mbaya kuliko yote niliyowahi kuoka. Tanuri nimemwachia Ivancho, na kijiji kitakula makaa mpaka nirudi, potelea mbali.

Nitakaa mpaka utakaponifukuza. Mtoto atalia, mimi nitamshika, wewe utalala. Hiyo ndiyo kazi niliyoijia, sina nyingine. Na tutakwenda kwa daktari, si wa mtoto, wa kwako, nami nitakaa nje na kofia yangu magotini.

Usiende darajani tena, Zdravka. Nakuomba. Nimezika mmoja, siwezi wa pili.

Baba


Dimitrovgrad, 14 Mei 1974

Baba mpenzi, shikamoo.

Barua yako nimeipata, nashukuru ulifika salama na mgongo haukuharibiwa na viti vya treni. Lyuben anakusalimu, na anasema tangu uondoke hakuna wa kumwambia kwamba anakamua vitambaa kama mtu anayemnyonga kuku. Amerudishwa zamu ya mchana. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akasimama pale mpaka wakambadilishia.

Na Ivancho, je? Umeandika kwamba uliporudi ulikuta watu wanausifu mkate wake. Pole, Baba. Lazima iliuma.

Daktari uliyenipeleka kwake nilimwona tena juzi. Ananiuliza maswali yale yale, silali, nalala, naogopa, siogopi, na siku hizi namjibu kweli. Aliniambia tena kwamba ni ugonjwa, una jina, na wanawake wengi wamekaa kwenye kiti kile kile kabla yangu. Dawa nakunywa. Siku mbaya zipo bado. Jumapili ilikuwa mbaya. Lakini nilimwambia Lyuben asubuhi kabla hajatoka, "Leo ni mbaya," naye akashuka ghorofa ya tatu akamwita Penka.

Penka anataka kujua kama utarudi. Nadhani wote kwenye ngazi hii wanataka. Wanasimulia bado ile siku. Mimi niliona sehemu tu, Baba, kwa hiyo wamenijazia yaliyobaki. Nilifungua mlango nikakuona umenyoa, mashavu mekundu juu na meupe chini, na kifurushi kifuani, na ukasema, "Treni imechelewa Plovdiv." Ukanipa barua, ukarudi ukakaa kwenye ngazi. Nikaisoma nimesimama pale pale. Nilipotoka kukuita hukuwepo. Nilidhani umeondoka, Baba, na kwa dakika ile nilikuwa tayari kulaani. Kumbe ulikuwa unagonga milango. Ghorofa baada ya ghorofa, kofia mkononi, ukiwaambia wanawake usiowajua kwamba binti yako amejifungua na mkate wake haujaliwa, na kwamba wewe ni mwanamume huruhusiwi, kwa hiyo tafadhali waje wao. Penka anasema alidhani unauza kitu.

Walikuja saba. Mmoja na watoto wake, mmoja akiwa na nywele zimejaa sabuni. Waliuzunguka ule mkate wako mbaya, wakaumega, wakala na asali, wakabishana kama kwao hupakwa asali au sukari, na wewe ulikuwa umesimama nje kwenye ngazi kwa sababu ulikataa kuingia mpaka makombo yaishe. Penka aliniambia kwamba na yeye, kwa mtoto wake wa kwanza, alikuwa akikaa bafuni maji yakitiririka ili asisikie. Alilisema wazi, mdomo umejaa mkate. Wiki zote hizo alikuwa akinipita na mfuko wake, akiniona, na akiona haya kuniuliza. Tangu siku ile kila mmoja amejichagulia siku yake. Hakuna aliyepanga. Yule wa sabuni huja Alhamisi, anamchukua mtoto, ananifukuzia kitandani, na ananisengenya kwa mtoto nikiwa nasikia.

Halafu ukaingia. Ulinawa mikono kwa muda mrefu mpaka nikadhani umesahau ulichokuja kufanya. Ulimwinua kutoka pale nilipokuwa nimemlaza, ukamweka begani unapoweka magunia, na ukasema, "Karibu, Rusana." Mara moja tu. Nikaenda kulala, nikalala mpaka kesho yake.

Uzi wa Machi nimeufungua. Ulipoondoka tulikuwa bado tumeusahau mkononi mwake, umechafuka kabisa. Nilishuka naye bustanini nikaufunga kwenye mti wa plamu ulio nyuma ya jengo, kama ilivyo desturi, ingawa maua yalikuwa yamekwisha pukutika. Nilimbeba mwenyewe, ngazi zote.

Tarehe ishirini na nne mama atatimiza nusu mwaka tangu afariki. Tunakuja, sote watatu. Ngano ya kumwombea nitaichemsha mimi, usimwambie bibi Vela aichemshe. Nataka kumwona mama na kumwomba radhi mwenyewe, na nataka kumwonyesha mtoto. Kama kuna mtu atasema mtoto mchanga haendi makaburini, nitamwelekeza kwako.

Sasa lile swali lako. Uliniuliza kwenye barua mbili, mtoto anafananaje, nami sikujibu. Ulipokuja ulimwona mwenyewe, kwa hiyo hukuuliza tena, lakini swali lilikuwa langu na bado nadaiwa. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijamtazama. Nilikuwa naangalia kitovu, nepi, chupa. Uso wake sikuwahi kuukazia macho.

Jana alikuwa ananyonya, maziwa yamerudi kidogo, chumba kimya, na nikamtazama mpaka akamaliza. Pua ni ya Lyuben, tumsamehe. Nywele ni za mama, zile zinazosimama kisogoni hata zikilowa. Na akinyonya, Baba, anafumba jicho moja, la pili analiacha wazi, ananichungulia nalo kwa makini, kama wewe unapotazama moto wa tanuri, uone kama umefika.

Mwanao,
Zdravka